Mwalimu Klara Mayala, Mfuata Watoro wa Bulangale

Mwalimu Klara Mayala, tuliyekusanyika leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 19 Mei 1964 jirani na misheni ya Ushirombo, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Bukombe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayala Kishiwa na Mama Justa, wakulima wa mpunga na mtama waliokuwa pia na ng'ombe wachache. Alibatizwa hapo hapo Ushirombo akiwa mchanga, na hapo ndipo alipopata Kipaimara.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973. Waliofundishwa naye huenda wakashangaa kusikia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoro. Mpunga ulipoanza kukomaa, watoto wa Mzee Mayala walipelekwa bondeni kuamia ndege, na Klara, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kali kuliko za ndugu zake, ndiye aliyechukuliwa kwanza. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wake, Mwalimu Maige, alimfuata huko huko bondeni. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye matope mpaka alipokuwa Mzee Mayala.

"Mzee, mtoto huyu anahitajika shuleni," alisema.

"Na ndege nani atawafukuza?"

"Jumamosi nitakuja mimi. Siku nyingine gawaneni zamu na jirani."

Mzee Mayala alidhani anataniwa, lakini Jumamosi ilipofika Mwalimu Maige alikuja kweli. Klara aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka alipofika mahali pa kueleza kuwa mwalimu alipiga kelele mchana kutwa na hakuna ndege hata mmoja aliyemwogopa. Hata hivyo, Klara alirudi darasani. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1979, akasoma sekondari ya wasichana mkoani Tabora hadi kidato cha nne mwaka 1983, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Tabora. Alihitimu cheti cha ualimu Daraja la A mwaka 1986.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya msingi katika eneo la Songwa, Kishapu. Huko ndiko alikokutana na Wiliam Magesa, karani wa shehena katika stesheni ya reli ya Isaka, aliyekuwa amekuja kumtembelea dada yake. Walifunga ndoa takatifu tarehe 9 Septemba 1989. Mwalimu alihamia Isaka mwaka uliofuata, na akafundisha huko kwa karibu miaka ishirini. Mungu aliwajalia watoto watatu: Valerian, Salome na Blessing.

Wiliam alipopunguzwa kazini, familia ilihamia Bulangale, huku Geita, ambako machimbo ya dhahabu yalikuwa yameleta watu kutoka kila kona ya nchi. Wiliam alifungua duka la vifaa vya wachimbaji. Mwalimu Klara alipata uhamisho, na Januari 2010 akateuliwa kuwa Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Bulangale.

Wiki ya kwanza tu alipita dukani kwa mumewe, akaona gambuti za saizi ndogo zimening'inizwa mlangoni.

"Baba Valerian, hizi unamuuzia nani?"

"Watoto wa wakulima. Wanaendea shamba."

"Nitajie mkulima mmoja wa hapa mwenye shamba la matope."

 Kesho yake gambuti zile hazikuwepo. Mpaka leo duka hilo haliuzi gambuti inayomtosha mtoto.

Shule aliyoikuta ilikuwa na majina mengi na watoto wachache. Kila asubuhi madawati ya nyuma yalikuwa matupu, na siku ya gulio hata ya mbele. Watoto walikuwa kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, wakiokota na kubeba; wengine walikuwa mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea dhahabu, wakiosha mchanga. Mwalimu Klara alianza kwa njia aliyofundishwa. Mtoro alichapwa. Mzazi aliitwa. Mzazi asipokuja, jina lake lilipelekwa kwa mtendaji wa kata, na mgambo akatumwa. Mwanafunzi aliyeendelea kutoonekana aliingizwa katika hesabu ya utoro sugu, na baada ya muda uliowekwa na kanuni jina lake lilifutwa. Mwalimu hakufanya hivyo kwa ukatili. Aliamini kwamba mzazi akiogopa, mtoto atasoma.

Mwaka 2012 alikuwepo darasa la tano msichana aitwaye Ghati, ambaye wazazi wake walitoka Tarime kufuata uchimbaji. Ghati alikuwa hodari wa hesabu kuliko darasa zima, na alikuwa haji shuleni zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mama yake aliitwa shuleni mara tatu, hakutokea. Mwalimu Klara akapeleka jina kwa mtendaji. Mgambo walimleta mama huyo akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akawekwa ndani tangu asubuhi hadi jioni, akaachiwa kwa onyo. Jumatatu iliyofuata Ghati alikuwa wa kwanza kuingia darasani, na Mwalimu Klara alimwonyesha kwa walimu wenzake kama ushahidi kwamba sheria inafanya kazi.

Alhamisi Ghati hakuonekana. Ijumaa Mwalimu Klara alikwenda mwenyewe hadi kambi ya wachimbaji. Mahali palipokuwa na nyumba yao ya maturubai alikuta mafiga matatu na majivu. Palikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi karashani, Mwanaima, mwenyeji wa Kigoma, akichambua mawe karibu na hapo.

"Wamehama," Mwanaima alisema. "Wamefuata rashi mpya, dhahabu imeibuka kwingine. Upande gani, sijui."

"Wamehama ili mtoto akimbie shule?"

"Mwalimu, yule mtoto hakukimbia shule. Alikuwa anabaki na mdogo wake. Mama yake akija naye karashani, vumbi linamkohoza kichanga mpaka anatapika."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

 Mwalimu Klara alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha moto. Mumewe alipoingia alimwambia, "Baba Valerian, nimemhamisha mwanafunzi wangu mwenyewe." Ndugu yake mdogo, Paskazia, ambaye alikuwa amemtembelea wakati huo, anasema dada yake alishika chakula siku ya pili yake tu.

Tangu hapo aliacha kuanza na mtendaji. Alianza kwa kwenda kwa watu. Alikaa chini pamoja na akina mama kwenye makarasha, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akachambua mawe nao huku wakizungumza, na akauliza lile ambalo hakumuuliza Ghati. Alikuta majibu yanatofautiana. Yupo aliyekuwa hana sare na anaogopa kuchekwa. Yupo aliyekuwa mgonjwa na wazazi wakiamini amerogwa. Wapo waliotumwa kazi kwa makusudi kabisa na baba zao, na hao hakuwaonea haya. Baba mmoja aliyemzuia mwanawe kwa mwaka mzima alipelekwa mahakamani, na Mwalimu alikwenda kutoa ushahidi. Lakini wengi wa wasichana walikuwa wanalea wadogo zao.

Akatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba msichana mwenye mdogo wa kulea aje naye shuleni. Kicheko kilisikika mkutano mzima. Walimu wake walinung'unika, na walikuwa na haki. Wiki za mwanzo vichanga vililia katikati ya somo, na kimoja kilikula chaki. Ndipo Mwalimu Klara alipokwenda kwa Mwanaima kumwomba msaada. Wazazi walijenga banda la nyasi nyuma ya jiko la shule, Mwanaima akawa mlezi, na akina mama wenzake wakapeana zamu ya kumsaidia. Saa ya mapumziko uji ulipikwa kwa mahindi yaliyochangwa na wazazi, na wadogo nao wakanywa.

Mthibiti ubora wa shule aliyekuja mwaka 2014 alisimama mlangoni mwa lile banda akiwa ameduwaa.

"Mwalimu Mkuu, hawa ni wanafunzi wa darasa gani?"

"Hawajafika umri, mheshimiwa. Ila hawa ndio waliofanya madawati yangu yawe matupu. Nimeona afadhali wakae hapa."

Mthibiti alicheka, akaandika maoni mazuri. Si wote waliomcheka kwa wema. Elimu ilipotangazwa kuwa bila ada watoto walifurika, na shule zikaanza kupimwa kwa takwimu za mahudhurio. Mwaka 2017, katika kikao cha walimu wakuu, kiongozi mmoja wa elimu wa wakati huo alimsimamisha Mwalimu Klara mbele ya wenzake.

"Shule zote za jirani utoro umekwisha. Kwako kuna nini?"

"Kwangu upo kama kwa jirani, mheshimiwa. Mimi nimeuandika."

 Kiongozi yule alimtaka arekebishe taarifa yake kabla ya kuondoka. Mwalimu alijibu kwa heshima kwamba akimwandika mtoto kuwa yupo, hakuna atakayemtafuta. Mwezi uliofuata alivuliwa ukuu wa shule.

Familia inakumbuka siku hiyo. Wiliam alitaka waende kulalamika, na Valerian, aliyekuwa chuo, alipiga simu akilia kwa hasira.  Mwalimu Klara ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma. Aliulizia kama angeweza kustaafu mapema. Asubuhi alikwenda shuleni kukabidhi ofisi kwa Mwalimu Amosi, kijana ambaye Mwalimu Klara mwenyewe ndiye aliyempokea akiwa ajira mpya. Amosi alisimama nje, akaona aibu kuingia.

"Shikamoo, Mwalimu. Sijui nisemeje."

"Marahaba. Sema unanipa darasa gani, Mwalimu Mkuu."

Alipewa darasa la pili. Alifundisha darasa la pili miaka saba, mpaka alipostaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita Amosi kwa jina tupu mbele ya watu. Mwalimu Amosi, ambaye yuko nasi hapa, alilinda lile banda na ule uji. Anasema kila alipotakiwa kupeleka taarifa ya mahudhurio alikuwa akitazama dirishani, anamwona Mwalimu Klara akivuka uwanja kwenda kambini kumfuata mtoto, na mkono wake ukakataa kuandika uongo. Leo Bulangale bado ina watoro. Ila hakuna mtoto anayepotea wiki nzima bila mtu kubisha hodi kwao.

Mwalimu Klara alimtafuta Ghati miaka yote hiyo. Kila likizo aliulizia kwa wachimbaji waliopita dukani. Alimpata Agosti 2019, pasipo kutarajia, alipokwenda msibani Ushirombo na basi likasimama Runzewe abiria wapate chakula. Binti aliyemwekea sahani mezani alimtazama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu alimtambua kwa macho. "Ghati. Nisamehe. Nilimfunga mama yako bila kukuuliza wewe."

Ghati alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Mama alikasirika sana. Mimi nililia kwa sababu tulikuwa na mtihani wa hesabu."

Mwalimu alimwambia kuna masomo ya jioni kwa walioacha shule, na kwamba atamsaidia. Ghati alitikisa kichwa; alikuwa na wateja, na mama yao alikuwa amefariki. Mwalimu akauliza kuhusu yule mtoto mchanga.

"Yuko darasa la kwanza hapa hapa. Hakosi siku. Nampeleka mwenyewe mpaka getini, ndipo nafungua banda."

Dereva alipiga honi. Paskazia, aliyekuwa naye safarini, anasema Mwalimu Klara hakugusa ule wali. Alikaa ameushika mkono wa binti yule mpaka kondakta alipokuja kumwita. Baada ya hapo walipigiana simu hadi mwisho.

Afya yake ilianza kuyumba mwishoni mwa 2022, miguu ikavimba, na madaktari wakagundua kwamba figo zilikuwa zimechoka. Alitibiwa Geita na baadaye Mwanza, akawa anasafishwa damu. Hata hivyo aliendelea kufundisha kila alipopata nguvu, hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria Mei 2024. Januari mwaka huu hali ilibadilika. Alipokea Mpako Mtakatifu akiwa na akili timamu, na aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mjini Mwanza, mkono wake ukiwa katika mkono wa Salome. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya yake ya Mtakatifu Anna, walimu wa kata nzima, na akina mama wa makarasha waliolala msibani tangu siku ya kwanza.

Marehemu ameacha mume, Mzee Wiliam Magesa, watoto Valerian, Salome na Blessing, wajukuu wanne, mdogo wake Paskazia na kaka yake Kishiwa, wakwe, mashemeji, na wanafunzi wengi. Ghati naye yuko hapa, amekuja na mdogo wake.

Ndugu wengi wameuliza kwa nini mazishi yamecheleweshwa hadi leo Jumamosi, ilhali kaburi lilikuwa tayari tangu Alhamisi. Uongozi wa shule ulikuwa umekubali kufunga shule siku hiyo ili watoto wote wahudhurie. Mzee Wiliam ndiye aliyekataa. Marehemu alimwambia akiwa hospitalini, na akamtaka arudie maneno yake ili awe na hakika ameelewa: asizikwe siku ya masomo, wasije watoto wakakosa darasa kwa ajili yake.

Mungu amlaze Mwalimu Klara mahali pa amani, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.