Projestus Bitegeko, Aliyechomelea Tela ili Mkewe Apate Nafasi

Baba Paroko, ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Goba kutushika mkono, mimi Adelard, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu.

Projestus Bitegeko alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, na sekondari Bukoba hadi 1979, kisha akaja Dar es Salaam kujifunza ufundi wa vyuma. Julai 1982 aliajiriwa katika karakana ya serikali, akachomelea hapo mpaka alipostaafu Machi 2021.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Atuganile wa Tukuyu, wakajaliwa watoto wawili, Ansbert mwaka 1993 na Blessing mwaka 1998, wakaishi Gongo la Mboto kabla ya kuhamia hapa mwaka 2009.

Kaka alipenda safari ndefu za pikipiki, na mwanzoni mizigo yote, pamoja na hema la kulalia, aliifunga kwenye kiti cha nyuma, mkewe akamtania kwamba hema limemnyang'anya nafasi yake, naye akalichukua neno hilo kwa uzito, na kwa miezi mitatu ya mwaka 2014 akachomelea pale uani tela la magurudumu mawili, lenye spring za bajaji na kifuniko cha bati, mizigo ikahamia huko, kiti kikabaki wazi. Mwalimu akaogopa, akisema tela litawasukuma kwenye mteremko wa Kitonga, njia ya kwenda kwao Tukuyu, akaahidi kwenda naye akishastaafu ualimu. Basi kaka akaenda peke yake, Mtwara, Kigoma, hadi Bukoba, akirudi na mikungu ya ndizi na senene, wale panzi wa kuliwa wa kwetu, lakini Tukuyu hakwenda kamwe na pikipiki, akisema njia hiyo ni ya watu wawili.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, ikiwa imeshaingia kwenye mifupa, madaktari wakamkataza pikipiki. Tarehe 30 Juni Mwalimu alistaafu, akarudi nyumbani na helmeti mpya aliyoinunua mwenyewe, akamkuta mumewe kitandani, akamwambia, "Baba Ansbert, sasa niko tayari." Kaka akatabasamu, akajibu, "Umechelewa kidogo, lakini toka nje nikuone umekaa." Tukamshika, tukamtoa hadi kibarazani, akamtazama mkewe juu ya pikipiki iliyozimwa, akamwelekeza pa kuweka miguu, kisha akalia mbele yetu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Shemeji ametuagiza tulisome hili bila kulificha, kwani anasema aliitii hofu yake miaka kumi na mmoja, na leo hajui ilikuwa inamlinda na nini.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake wa karakana waliouchomelea msalaba huu kwa mikono yao.

Kaka Projestus, shemeji yuko nasi, hatutamwacha. Pumzika kwa amani.