Kazi ya Kukumbuka

Kwenye basi, fundi cherehani na kaka yake waligombana mbele yangu. Mama yao mzee alikaa kando yangu.

"Daktari anasema damu ya mama inaganda ovyo, kaka. Mabonge madogo yanaziba mishipa ya ubongo, ndiyo maana anasahau. Na wewe dawa unamwachia ameze mwenyewe?"

"Huo ni uzee tu, mdogo wangu. Dawa namwekea mezani kila asubuhi. Kazi yake ni kukumbuka."

"Asiyekumbuka ndiye unampa kazi ya kukumbuka."

Nikageukia dirishani nisionekane nacheka.

Basi liliposimama, wakashuka huku bado wanabishana. Mama akanigusa mkono.

"Afadhali wameshuka, mjukuu wangu. Ila mama yao namhurumia."