Gethin na Mahojiano ya Posho

Nje ya mkahawa wa Zanelli, pale Treorchy kwenye bonde la Rhondda huko Wales, kuna benchi lisilokosa watu. Hywel, mchimba makaa ya mawe mstaafu, wanamwita Vumbi kwa sababu ya kile alichotoka nacho mgodini kifuani. Eirlys alifagia mahakama miaka nenda miaka rudi, akastaafu na jina la Wakili. Islwyn ni Redio, na ukikaa naye robo saa hutauliza kwa nini. Wa nne ni Gethin, ambaye hana jina la utani. Wenzake hunywa kahawa ya povu, yeye hukaa pembeni kabisa na chai ya rangi, mvua ije jua lije. Hywel alikaa naye hapo tangu Gethin hajaota mvi hata moja, na ungemuuliza, angekwambia anamjua nje ndani.

Asubuhi moja ya Februari Gethin aliwaambia ameitwa tena kuhojiwa kuhusu posho ya ulemavu. Alikuwa amepita miaka arobaini daktari alipomwambia ana usonji, kwamba alizaliwa nao. Mara ya kwanza walimnyima. Mama yake, aliyekuwa akimshughulikia kila kitu, alikuwa amefariki, na bila posho hiyo Gethin asingeweza kubaki katika nyumba ya mama.

Benchi zima likageuka kamati. Islwyn alimshauri asinyoe ndevu wala asioge, na aende na fimbo. Gethin akasema anatembea vizuri, fimbo ya nini. Eirlys akadai mtu huanza kupimwa tangu kwenye maegesho ya magari, kuna kamera inayotazama unavyofunga mlango wa gari. Gethin akasema hana gari. Hywel akakumbuka alivyopulizishwa mrija wa kupimia mapafu enzi zake, akashauri apande ngazi mbio kabla ya kuingia, ili afike anahema. Hapo Islwyn akaona anapitwa.

— Nyie hamjui kitu. Yule dada wa mapokezi ndiye anayepima. Huyo wa ndani ni pambo tu. Na ukisema asante umekwisha, wanaandika umepona.

— Acha zako, Redio.

— Haya, aseme asante tuone.

Wakacheka wote isipokuwa Gethin, aliyekuwa akiyapokea maneno hayo moja moja kama dawa alizoandikiwa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na kahawa yake, akitafuta pa kukaa. Aliitwa Nesta, alikuwa amehamia karibuni kutoka Swansea awe karibu na binti yake. Eirlys akasogea kumpa nafasi. Nesta akauliza huyu bwana amekaa nao muda gani. Miaka mingi, wakamjibu, karibu kwa kujisifu.

— Sasa siku yake huwaje?

Hywel alianza kuhesabu kwa vidole. Alijua Gethin anakunywa chai ya rangi. Alijua anashabikia raga. Alipotafuta la tatu hakulipata. Eirlys akatazama kikombe chake. Hata Redio ilizimika.

Gethin ndiye aliyejibu. Aliongea akiitazama barabara, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja saa za basi.

— Naamka mapema kwa sababu nguo zinaniwasha na kuvaa kunachukua muda. Halafu naandaa maneno ya kuja nayo hapa. Ya raga ni ya Islwyn. Ya hali ya hewa ni ya Eirlys. Mzee Hywel namuuliza kifua kinaendeleaje. Hilo nalifanyia mazoezi mbele ya kioo, lisisikike kama mtu anayesoma.

Hywel aliweka kikombe chake chini. Swali hilo la kila asubuhi ndilo lililompasha moto kuliko kahawa, na kumbe mtu alikuwa akilitengeneza nyumbani kwake kwa mikono, kila siku, kama fundi.

Gethin akaendelea. Alikaa nje kwa sababu ndani mashine ya kahawa ilimpigia kelele, na taa zilivuma. Walidhani anapenda mvua. Akiwa hapo benchini alisikia kila gari, kila mlango, maneno ya wote watatu kwa pamoja, bila hata moja kupungua sauti. Akirudi nyumbani hufunga mapazia na kulala sakafuni mpaka masikio yatulie. Siku nyingine maneno hayarudi hadi kesho yake. Juzi aliwasha jiko, gari la taka likapita, akatoka mbio. Jirani ndiye aliyekuja kuzima moto.

— Hayo ndiyo ukaseme, Nesta alimwambia.

— Hawakuuliza hayo. Waliuliza kama naweza kupika. Naweza. Nikasema ndiyo.

— Basi wakikuuliza tena kama unaweza, waambie inakuwaje. Na baada ya hapo inakuwaje.

Siku zilizofuata hakuna aliyetaja fimbo wala kamera. Eirlys alijifanya mhojaji, akauliza, Gethin akajibu. Hywel alianza kuona aibu ya kuguna, maana sasa alijua kila mguno unamfikia mtu.

Mahojiano yalikuwa Pontypridd, na Hywel aliruhusiwa kumsindikiza hadi ndani kwa sharti asimjibie. Mhojaji alikuwa dada mpole, mikono juu ya kompyuta. Akauliza kama Gethin anaweza kupika chakula cha kawaida.

— Ndiyo, Gethin akasema.

Hywel akaviminya vidole vyake asije akasema. Gethin alikuwa ameyakaza macho ukutani.

— Hilo ni jibu la swali lako, akasema. Lakini ukiandika hilo peke yake utakuwa umeandika uongo. Nikueleze inakuwaje?

Dada yule akaondoa mikono kwenye kompyuta.

— Nieleze.

Akamweleza yote, tangu nguo hadi sakafu. Hywel aliwahi kuona watu wakichimbua wenzao kwa mikono mitupu baada ya dari la mgodi kuporomoka. Hakutegemea kuona kitu kama kile tena, ndani ya chumba chenye zulia na kiti cha plastiki.

Wakati wa kurudi Gethin hakuwa na neno lililobaki. Waliacha treni mbili zilizojaa wanafunzi zipite, wakapanda iliyo tupu. Hywel, aliyezoea kuongea hata na mlango, hakusema chochote mpaka Treorchy.

Jibu lilikuja majira ya kuchipua. Posho ilikubaliwa. Gethin aliwatangazia akiwa amesimama, kisha akasema kuna jambo jingine, na wasikasirike.

— Mama aliniambia nisikae ndani peke yangu. Hakusema mara ngapi, nikadhani kila siku. Sasa nitakuja Jumanne na Ijumaa.

Islwyn alikuwa na utani tayari mdomoni, akaumeza. Eirlys akasema hizo ni siku nzuri.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha, na mahali pa Gethin palikuwa patupu. Hywel alipatazama muda mrefu. Akamfikiria yuko kwake, mapazia yamefungwa, nguo laini mwilini, hana sentensi ya kumwandalia mtu. Akajikuta amefurahi kwamba hayupo.