Mama Rhobi na Madumu Mawili ya Maji

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Rhobi Mseti anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika nyika ya wilaya yetu ya Serengeti. Alianza mwaka 1996 akiwa mpishi wa kambi. Miaka miwili baadaye alikuwa mbele ya msafara wa miguu, mwanamke wa kwanza katika kampuni yetu ya utalii kukabidhiwa wageni.

Wengi watamkumbuka kwa ukaguzi wake wa asubuhi. Aliyevaa viatu vipya vya dukani alirudishwa kubadilisha. Asiye na kofia alifungwa kanga kichwani. Daktari mmoja aliyebisha kwamba hana kiu aliambiwa, "Ukingoja kiu umeshachelewa. Kunywa." Akanywa.

Nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha tu, na la Septemba 2019 niliache. Siliachi.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Meneja wetu wa wakati huo aliamua kila mgeni apewe lita moja na nusu ya maji badala ya nne, ili kuokoa mafuta ya gari la maji. Mama Rhobi aligoma. "Kwa maji haya siendi na mtoto wa mtu," alisema. Kundi la wageni wa siku hiyo likapewa mwongozaji mwingine. Mwongozaji huyo ni mimi, Joel. Nilijua mama yuko sahihi, na bado nikaenda.

Saa saba mchana, mbele ya kijiji cha Nyansurura, mgeni mmoja, mwalimu kutoka Tarime aitwaye Judith, alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Ngozi yake ilikuwa inaunguza. Chupa zetu zote zilikuwa tupu. Niliita kituoni kwa redio, meneja akajibu tusubiri atafute gari. Mama Rhobi, aliyenisikia redioni akiwa kituoni, hakusubiri. Alifunga madumu mawili ya maji kwenye pikipiki akatufuata hadi kwenye korongo kavu tulipokwama. Alitundika turubai tupate kivuli, akamvua Judith viatu, akamlowesha mwili mzima. Mimi nilisimama kando nalia.

"Acha kulia, Joel. Pepea!"

Nikapepea. Judith alipopata fahamu vizuri, ndipo mama akamnywesha maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo.

Judith alipona. Na Mama Rhobi alipewa nini? Barua ya onyo, kwa kukaidi amri na kuondoka kituoni bila ruhusa! Akawekwa stoo kushona mahema miezi kumi na minne. Taarifa ya kampuni ikaandika kwamba mgeni hakuzingatia kunywa maji. Maji yapi? Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Waongozaji wote tulikataa kutoka bila lita nne. Meneja akaondoka, mama akarudi kuongoza misafara, na utaratibu wake wa lita nne sasa umebandikwa kila kambi, bila jina lake. Hakuna kiongozi aliyewahi kumwomba radhi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Kenyamonta kumwomba radhi mimi mwenyewe. "Ulijua, ukaenda," alisema. "Usirudie." Kisha akanikaribisha ugali.

Mama Rhobi, asante kwa kila hatua uliyotutangulia. Atakayesimama kukukabidhi cheti siku ya sherehe, aanze na neno samahani. Sisi tunakuombea afya, mvua nzuri shambani na miguu isiyouma. Shikamoo, mama.