Chipu Elfu Nne na Mia Nane

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wa kiwandani mliojibanza mstari wa tatu mkidhani hamwonekani, familia imemteua mtoto wa kaka yake marehemu, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne na ambaye hata hivyo ukoo mzima haujapata wa kumshinda kusoma kwa sauti, awasomee maisha ya shangazi yake, na atayasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake fundi saa, akiwa wa nne kati ya watoto sita, na mama yake alikuwa akisema kwamba alitoka amekunja ngumi, jambo ambalo ndugu zake walilichukulia mzaha mpaka walipoanza kucheza naye. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1978, akishika nafasi ya pili katika hesabu, na mpaka mwezi uliopita alikuwa bado anadai kwamba yule wa kwanza alichungulia.

Tarehe 3 Mei 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha vifaa vya hospitali, akaanzia meza ya kulehemu nyaya, na mwaka 2003 akahamishiwa chumba cha chipu, chumba chenye milango miwili, feni moja na sakafu isiyokanyagwa na kiatu cha nje. Kazi yake ilikuwa kuandika namba ya siri ndani ya chipu ndogo kuliko punje ya mchele, inayobandikwa kwenye chujio la mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, ili mashine ikiliuliza chujio wewe ni nani, lililo halali lijibu na la bandia libaki limekodoa macho. Chipu hiyo huandikwa mara moja tu, ndani yake mna vifyuzi maelfu, vinyuzi ambavyo kuandika ni kuviunguza baadhi, na kinachounguzwa hakirudi, hata umlilie nani, ndiyo maana wenzake walimwita Mama Mara Moja. Kila mgeni wa chumba kile alimpokea kwa maneno yaleyale, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu unaweza kuiosha nayo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwashi aliyemchumbia kwa miaka mitatu, kwa sababu kila alipouliza alijibiwa, "Bado napima," nao wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza, aliye nesi, mwaka 1988, kisha 1991 na 1996.

Sasa tumefika mahali ambapo meneja, pamoja na shada lake la maua, ameiomba familia iruke, iseme tu kwamba marehemu alistaafu kwa heshima. Baba mkubwa alishauri tukubali yaishe, maana hata viti mlivyokalia ni vya kiwanda. Mumewe, yule mwashi, akasema, "Someni alivyoandika mwenyewe kwenye fomu."

Jumanne tarehe 9 Juni 2009, kabla ya chai ya asubuhi, marehemu alifungua faili la mazoezi akidhani ni la kazi, akaandika ndani ya chipu 4,800 ile namba iliyobandikwa ukutani ili wageni wajifunzie, namba inayojulikana na mafundi, wafagiaji na muuza chai wa getini. Kosa lilikuwa lake, aliligundua mwenyewe, hakulisingizia umeme. Meneja akamwambia kwa upole, "Mama, usijitie presha, tutaifundisha mashine ikubali na hiyo ya mazoezi, wewe zifunge, utie sahihi, nani atajua?" Akamjibu, "Atajua mwenye chujio bandia, bosi, maana umemfungulia mlango, na atakayeumia ni aliyelala kitandani."

Saa nane mchana, chipu zikiwa bado hazijafungwa, alirudi kwenye meza yake akauamuru mtambo uunguze kila kifyuzi kilichobaki, chipu moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa zimeandikwa kila mahali, jambo lililo sawa na kutoandikwa kitu, na jirani yake wa meza, ambaye sisi tunamjua kama Kaka Trei, alimpokeza trei hadi saa kumi na moja bila kuuliza neno. Kisha akajaza fomu kwa mkono wake: "Nilikosea mimi, na nimeziharibu mimi."

Tarehe 12 Juni 2009 alifukuzwa kazi kwa uharibifu wa makusudi. Isikike vizuri hadi mstari wa tatu, hakustaafu, alifukuzwa, na barua ile aliitia fremu akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi, akawa anatengeneza redio za watu humohumo, chini yake.

Agosti 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anapelekwa kwenye mashine zilezile mara tatu kwa wiki, na kila mara aliomba kitanda kigeuzwe aione taa inayoonyesha kama chujio ni halali. Ikiwaka kijani alisema, "Haya, unganisheni," na siku moja alimnong'oneza huyu anayewasomea, "Iangalie vizuri hiyo taa, ndiyo iliyonifukuzisha kazi." Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake nesi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani walioleta redio ambazo hazikuwa mbovu ili tu wapate kukaa naye, Kaka Trei popote alipokaa, na kiwanda kwa viti, ambavyo vitarudishwa kesho vikiwa vimefutwa vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linalofutika.

Shangazi, walituomba, tukakataa. Pumzika kwa amani.