Mzee Milimita na Kifuniko cha Manjano

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kupasulia mbao, mzee wetu tuliyezoea kumwita Milimita anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamati ya kumuaga ilinipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa stoo yangu imetenganishwa na mashine yake kwa ukuta wa plaiwudi tu. Niliumaliza mapema. Kisha mwezi huu mambo yakageuka, na tangu hapo nimechana karatasi hadi nimechoka, maana sijui tena nimsifu kwa lipi.

Nianze na yasiyo na utata. Aliingia hapa akipiga msasa, akapanda mpaka kwenye mashine kubwa, na hakuiacha tena. Jina la Milimita alilipata kwa kukataa ubao uliozidi kidogo tu, hata kama ni wa mgongo wa kabati ambako hakuna jicho litakalofika. Seremala akimletea vipimo vya kubabaisha, alirudishwa akapime upya, na mzee wala hakuinua macho. Vidole vyake vyote anavyo, jambo ambalo kwa watu wa kazi hii si dogo.

Ninapokwama ni hapa. Sifa yake kubwa ilikuwa mashine yenyewe, kwa sababu aliifanyia marekebisho zamani sana. Aling'oa kifuniko kinachokinga msumeno, akidai kinamziba macho. Akang'oa na bapa la chuma linalosimama nyuma ya msumeno ili ubao usije ukaubana, kwa sababu lilimchelewesha kwenye vipande vyembamba. Swichi akaihamishia chini ya meza, karibu na goti lake la kulia, akawa anazima mashine kwa goti huku mikono iko kazini. Tulijivuna nayo, jamani. Meneja alikuwa akileta wageni waione. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na aya nzima juu ya goti lile.

Anayeichukua mashine ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, fundi wa fremu za madirisha aliyetoka karakana nyingine. Tunamwita Mashoto, kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, na kwenye mashine husimama upande ule mwingine. Mzee alimfundisha kwa moyo mweupe: simama hivi, sukuma hivi, zima kwa goti. Asubuhi moja ubao ukaubana msumeno. Mashoto akaitafuta swichi kwa goti, goti likakuta hewa, kwa kuwa swichi ilikuwa upande wa baba mkwe. Ubao ukaruka nyuma, ukampita ubavuni, ukatoboa ukuta na kuingia stoo kwangu katikati ya makopo ya rangi. Nilibaki nimeduwaa, sielewi ubao umeingiaje bila kupita mlangoni. Milimita, ambaye hatujawahi kumwona akikimbia, alikimbia kuchomoa plagi.

Mkwe hakuguswa. Lakini mzee alikaa juu ya rundo la mbao akarudia jambo lilelile: mwanangu, hebu nione mikono yako. Naye akamwonyesha, baba, hii hapa, tena na tena, mpaka pumzi zikamrudia.

Kesho yake alikuja stoo kuulizia kifuniko. Nikamwambia sijawahi kukiona. Akanyoosha kidole kwenye kaunta yangu. Kile kikasha cha manjano ninachowekea brashi za gundi tangu niajiriwe, kumbe ndicho. Na kile chuma ninachofungulia makopo ya rangi ndilo bapa lenyewe. Alivichukua, akavisugua, akavifunga mahali pake. Swichi ikarudi mbele, panapofikiwa na kila mtu.

Hapo ndipo tulipovurugwa kabisa. Mafundi walinung'unika kwamba kazi inakwenda polepole. Wengine walihisi mzee kachanganyikiwa kwa kukaribia kuondoka. Na yeye mwenyewe, Milimita mzima, akawa anapasua mbao kombokombo kama mwanagenzi, goti likigonga chini ya meza kutafuta swichi isiyokuwepo. Aliyemwelekeza ni mkwe wake: baba, sukuma kwa kijiti, si kwa vidole, baba, usisimame nyuma ya ubao, kaa pembeni. Alitii, aibu imemjaa usoni, nami nikichungulia kwenye tundu la ukuta nisijue nicheke au nilie.

Nilimuuliza lililokuwa likinisumbua: miaka yote ile, ilikuwa ufundi au bahati? Akasema hajui, na hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwa kuwa alimkabidhi mtoto wa watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Kamati ilimnunulia saa ya ukutani. Ameipokea, ila ameomba na zawadi nyingine: akishaondoka, mtu asiirudishe swichi kule chini wala asing'oe kifuniko, hata kazi iwe ya haraka vipi. Wapo waliokuwa tayari na bisibisi. Jana meneja aliwakusanya mbele ya mashine, na kila fundi akaahidi kwa kinywa chake mzee akisikia.

Basi, Mzee Milimita, nilitaka kukusifu kwa mashine uliyotuundia. Bado kichwa hakijatulia, lakini nakushukuru zaidi kwa siku ulipoyafumua marekebisho yako. Asante pia kwa milango yetu yote inayofunga bila kusukumwa. Umeomba uje Jumatatu, siku yako ya kwanza ya kustaafu, ukae tu umsikilize mkweo akiwasha mashine. Tumejiuliza kama huko ni kustaafu kweli. Kiti tumekiweka stoo, pembeni ya lile tundu, si mbele yake. Tunakuombea uzee mtamu na chai isiyo na vumbi la mbao. Kuhusu brashi zangu za gundi, sasa zinalala juu ya kaunta, na hapo ndipo zitakapolala.