Mwekezaji wa Zurich Hajatokea

Benchi la mbele ya kibanda cha Wiebke, pale Lindenau, Leipzig, tramu zinapokata kona, lina watu wake. Yupo Mhuri, aliyekaa ofisi ya kusajili kampuni miaka thelathini na moja na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni. Yupo Matanga, fundi wa programu aliyeajiriwa na kampuni changa saba za akili mnemba na kuzizika zote saba. Wiebke mwenyewe huuza kahawa dirishani, nao humwita Hamburg kwa sababu ndiko alikozaliwa. Na Alhamisi hiyo alikuwepo Henrike, wanayemwita Bosi ingawa ana wafanyakazi wawili tu, mmoja wao ana mtoto wa wiki tatu. Alikuwa amevaa koti la mikutano kwenye jua la Juni, akimsubiri mwekezaji kutoka Zurich, jina la mwisho lililobaki kwenye orodha yake. Huyo akikataa, kampuni inafungwa mwisho wa mwezi. Miadi ilikuwa saa nane na robo. Sasa ilikuwa saa tisa kasorobo, na Henrike alikuwa amekasirika mpaka masikio yamemwiva.

— Treni imechelewa tu, Bosi, alisema Hamburg. Treni zetu si unazijua?

— Nimeangalia. Imefika kwa wakati! Maisha yangu yote naomba treni ifike kwa wakati, leo imefika, na yeye hayumo!

— Mpigie.

— Nimempigia mara nne. Simu imezimwa.

Mhuri alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kumkosoa mtu.

— Ulimtumia karatasi gani?

— Karatasi za nini, Mzee? Nimemtumia kila kitu kwa barua pepe.

— Haya! Bila mhuri! Mswisi akiona barua haina mhuri anajua hapo hakuna kampuni. Mimi nimeona watu wazima wakilia ofisini kwangu kwa sababu ya nukta moja.

— Ulikuwa unawaliza wewe.

— Nilikuwa nalinda utaratibu.

— Utaratibu! Henrike aliruka. Siku ya kuanzisha kampuni, mwanasheria wa kuthibitisha mikataba alinisomea wetu kurasa arobaini kwa sauti, neno kwa neno, eti sheria inataka. Nikasinzia, akarudi ukurasa wa kwanza! Mimi nauza mashine inayoongea, halafu mtu mzima ananisomea kama niko chekechea!

Mashine yenyewe inaitwa Liese. Inapokea simu za madaktari wa meno na kupanga miadi ya wagonjwa. Imefundishwa kwa sauti za watu wa hapahapa Leipzig, shangazi zake Henrike wakiwemo, na hilo ndilo analojivunia kuliko yote: haiongei kama imetoka Amerika jana. Hata miadi ya leo ni Liese aliyeipanga na ofisi ya Zurich, kwa simu, ili mwekezaji aonje bidhaa kabla ya kuinunua.

— Mhuri hajui kitu, alisema Matanga. Sikiliza, Bosi. Huyo mama kafika. Ila kampuni za Berlin zina watu wao pale stesheni. Wakimwona mtu ana koti la pesa, wanamnyaka. Saa hizi yuko kwenye gari, anaonyeshwa roboti inayokunja mashuka.

— Acha zako, Matanga.

— Kampuni yangu ya nne ilikufa hivyohivyo. Ya tano nayo... Ngoja kwanza. Umewahi kumwona huyo mama ana kwa ana?

— Kwenye video tu.

— Alikuwa anapepesa macho?

Henrike alikunja uso, akijaribu kukumbuka.

— Unaona! Huyo si mtu, ni mashine. Wanaituma kuongea na ninyi wenye kampuni, mnaimwagia siri zote bure, inajifunza, halafu haiji. Itakujaje wakati haina miguu?

— Bana, hata mimi hiyo nimeisikia, alisema Hamburg, ambaye hakuwa ameisikia popote.

Ni upuuzi, na Henrike alijua ni upuuzi. Lakini mtu aliyesubiri nusu saa nzima juani ndani ya koti la sufu hahitaji sababu nzuri. Alitoa simu, akaandika kwa vidole viwili: “Bi Caflisch, na sisi huku Saksonia tuna saa ukutani. Usiyeheshimu muda wangu, usijisumbue tena. Mazungumzo yamefungwa.” Akatuma kabla Mhuri hajaomba kuisoma.

— Safi, alisema Matanga. Hii ya nane kuizika.

Henrike alivua koti. Alimfikiria yule kijana mwenye mtoto wa wiki tatu na jinsi ya kumwambia.

Saa tisa na dakika nane, tramu ilisimama akashuka mwanamke mwenye begi dogo la magurudumu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, simu mkononi, anapepesa macho vizuri tu.

— Samahani, naitwa Caflisch. Niliambiwa nije robo tisa. Nimewahi kwa dakika saba. Nimekosa nini?

— Robo tisa ni saa nane na robo! alisema Mhuri. Ni robo ya kwanza ya kuelekea saa tisa. Kila mtu anajua.

— Kila mtu wa kwenu! Hamburg alichomoza kichwa dirishani. Robo tisa ni saa tisa na robo! Miaka ishirini na sita nafika kwenye shughuli zenu mmeshakula, mnasema nina dharau!

— Si ungeuliza?

— Niliuliza! Mkaniambia robo!

Bi Caflisch aliwaacha wagombane, akamgeukia Henrike.

— Nani alimwambia karani wangu robo tisa?

— Mashine yangu.

— Hii ninayotakiwa kuinunua?

— Hiyohiyo.

— Inapokea simu za kliniki ngapi?

— Arobaini.

— Na wagonjwa waliohamia hapa kutoka kwingine, wakiambiwa robo tisa, wanafika saa ngapi?

Henrike alikumbuka kliniki nne zilizojitoa mwezi wa tatu, zikilalamika kwamba wagonjwa wanakuja saa nzima baada ya zamu yao. Alizijibu kwa maandishi kwamba wagonjwa wa siku hizi hawana nidhamu. Aliona aibu, aibu ya kweli.

— Sijui, alisema.

— Basi tujue. Treni yangu ni saa kumi na mbili.

— Ile barua pepe yangu...

— Nimeisoma kwenye tramu, nilipowasha simu. Umeiandika mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Inaonekana. Haya, zipigie kliniki.

Henrike alikaa, akatafuta namba ya kliniki ya kwanza kwenye orodha, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Simu ikapokewa papo hapo.

— Habari za mchana, mimi ni Liese. Nikupangie miadi ya lini?

— Nipe mtu wa mapokezi, Liese. Nipe binadamu.

— Binadamu yupo kesho, alisema Liese kwa upole. Asubuhi au mchana?